Maige Anatafsiri Athene

Mume wangu Maige hamwamini mtu, na hilo nalisema mimi ninayelala naye kitanda kimoja. Soda iliyofunguliwa na mwingine hainywi. Viti vya kibanda chake amevifunga mnyororo, mguu kwa mguu, kiasi kwamba ukitaka kusogea kidogo lazima mstari mzima usogee pamoja nawe. Fundi akija kutengeneza spika, Maige anakaa chini mbele yake na kumtazama mikono mpaka amalize. Mama mkwe aliwahi kuniambia kwamba hata utotoni alikuwa haanzi uji wake kabla ya kuonja wa mwenzake, aone kama hakupunjwa sukari.

Kazi yake ni kutafsiri filamu. Ana kibanda umiza, cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, kule mwaloni mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, upande wa kuelekea Igombe. Jina la mwalo silitaji, maana watu wake ni wepesi wa kununa na mimi bado nawauzia maandazi. Sisi wenyewe tunakaa Mabatini. Kibanda ni mbao na mabati, runinga kubwa mbele, spika mbili, na pembeni yuko Maige na kipaza sauti chake, anaeleza kwa Kiswahili kile anachosema Mzungu au Mkorea. Wapo watafsiri wa Dar ambao sauti zao zinauzwa kwenye flashi nchi nzima, na Maige ana hakika mmoja wao alimwibia kicheko. Ni kicheko cha adui, cha puani, na kweli nimewahi kukisikia kwenye filamu ya mtu mwingine. Lakini kicheko ni kicheko, utaenda kukishitaki wapi?

Anayo desturi moja katika kazi yake ambayo watafsiri wenzake wanamcheka kwayo: haiangalii filamu kabla ya kuionyesha. Wenzake huiangalia kwanza, wakajua nani atakufa. Yeye anasema ukifanya hivyo mtu atachungulia kwenye tundu la bati, ataijua hadithi, ataimwaga mwaloni kote na watu hawatakuja. Kwa hiyo anaitafsiri ikiwa mbichi, anakutana na maneno pale pale pamoja na watazamaji wake. Kiingereza chake ni cha kidato cha pili. Anapokwama anajazia. Mimi nilimaliza cha nne kule Sengerema, na Kiingereza ndilo somo lililonipenda, kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu nimekaa pale mlangoni na beseni langu la maandazi nikimsikia anavyojazia. Sikuwahi kumwambia. Mtu wa kushuku namna ile ukimwambia unamsikiliza, hatapata usingizi tena.

Sasa nimseme mdogo wangu Mihayo, kwa sababu bila yeye hadithi hii isingekuwapo. Mihayo alikuwa mvuvi wa dagaa katika mwalo huo huo. Mwaka jana, kwenye mvua za masika, mitumbwi miwili ilikuwa mbali ziwani na taa zake dhoruba ilipoanza. Mmoja nahodha wake alikuwa Yeremia, mtu mzima, mpole, mwenye injini yenye nguvu kuliko zote mwaloni. Wa pili ndio aliokuwamo Mihayo. Wa Yeremia ulirudi na watu wake wote. Wa Mihayo ulipinduka. Wenzake wawili waliokotwa asubuhi wakiwa wameng'ang'ania dumu. Mihayo hakuonekana. Ziwa letu kwa kawaida hurudisha watu wake baada ya siku chache, tukawazika. Yeye halikumrudisha.

Yeremia alipoulizwa kwa nini hakugeuza kwenda kuwasaidia, alisema, "Mawimbi." Akaulizwa na mwenyekiti wa mwalo, mzee Ndalahwa, akasema, "Mawimbi." Akaulizwa na baba yangu aliyevuka kwa kivuko kutoka Sengerema kwa ajili hiyo tu, akasema neno lile lile akitazama chini. Sisi tulijua mtu asiye na kosa huongea sana. Anaapa, analia, anataja mashahidi. Mtu wa neno moja ana jambo. Na jambo lenyewe tulilijua: Mihayo alikuwa baharia wa Yeremia kabla ya kuhamia mtumbwi ule mwingine baada ya Pasaka, na Yeremia hakufurahi. Alimwacha afe kwa kinyongo. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa moyo wote. Kila nilipomwona anapita na galoni lake la mafuta hasira ilinifanya nimwage mafuta ya maandazi.

Baba alikataa msiba uishe. Alisema hatamlilia mwanawe mpaka Yeremia ameondoka mwaloni. Mwisho mzee Ndalahwa akaitisha mkutano, Jumamosi, wa kuamua kama Yeremia atengwe. Kwetu mtu aliyetengwa hafukuzwi kwa fimbo. Anaachwa tu. Hasalimiwi, haazimwi chumvi, mtumbwi wake hakuna wa kusaidia kuusukuma, akifiwa anazika na mkewe na watoto wake. Wengi huhama wenyewe, na wapo waliougua tu na kufa. Mzee Ndalahwa aliniambia waziwazi kwamba neno la dada wa marehemu ndilo litakaloamua. Nikamjibu kwamba neno langu liko tayari tangu mwaka jana.

Mkutano huo uliangukia mwishoni mwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao, na mchana wanajaa kwenye kibanda cha Maige. Kwa ajili ya mbalamwezi hiyo Faisal, anayetuuzia filamu mjini, alikuwa amempa Maige kitu kipya, filamu ya sehemu nyingi.

"Chukua hii, kaka," alisema. "Vita mwanzo mwisho. Ya Wagiriki wa zamani."

"Mbona unanipa mimi, si wengine?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekuja."

Jibu hilo Maige aliligeuza kichwani njia nzima. Alikuwa na haki ya kushuku. Tulipoiweka, akatokea mzee wa Kizungu mwenye mvi, kasimama katikati ya mawe, anaongea. Aliongea weee. Watu wenye ngao walipita kwa dakika chache, kisha yule mzee akarudi na mawe yake. Wavuvi wakaanza kuguna, mmoja akauliza kama vita vyenyewe ni vya huyu babu na mawe. Nikamwona Maige anafuta jasho, kisha anasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Ndugu watazamaji," akasema, "mji huu unaitwa Athene. Watu wake walikuwa watu wa maji kama nyinyi."

Wakaacha kuguna. Akawaeleza jinsi mji ule mdogo ulivyopata fedha ardhini, na watu wakataka wagawane, na mjanja mmoja akawaambia msigawane, jengeni merikebu. Jinsi mfalme wa Uajemi alivyokuja na jeshi lisilo na idadi, na watu wa Athene wakauacha mji wao uchomwe moto, wakapanda majini wote. Wakawavuta adui hadi kwenye kilango chembamba, mahali ambapo chombo kikubwa hakigeuki. Hapo wavuvi wakaanza kupiga makofi kabla hata mapigano hayajaanza. Watu wanaopita kila siku kati ya miamba ya Mwanza wanajua kitakachompata mgeni mwenye chombo kirefu kwenye kilango.

Siku iliyofuata ikaja Sparta. Maige akaeleza kuwa hao ni watu wa nchi kavu, wanafunza watoto wao vita tangu wadogo, wanakula chakula kimoja kibaya kwa pamoja, na hawalali bila mkuki kwa sababu wanawaogopa watumwa wao wenyewe. Nilidhani atawapenda. Sauti kutoka nyuma ikasema, "Hao ni Bagalu," na kibanda kizima kikacheka. Maige, badala ya kuendelea, akasema, "Umenena. Sparta ni Bagalu. Athene ni Bagika."

Alifanya kosa ambalo angeweza kulifanya Msukuma tu. Bagika na Bagalu, jamii zetu mbili za wacheza ngoma, wameshindana tangu enzi za babu zetu, na kila upande una hakika kwamba mwenzake akishinda ameshinda kwa dawa. Tangu saa ile hapakuwa tena na Wagiriki mle ndani. Bagika walitaka kukaa kushoto na Bagalu kulia, na kwa kuwa viti vimefungwa mnyororo, palikuwa na vurugu ya mistari mizima kukokotwa huku na huku. Athene wakifanya jambo la akili, Bagalu wanasema wamepata mganga. Sparta wakishinda, Bagika wanamgeukia Maige na kumuuliza amepewa nini, kwa kuwa wanajua ukoo wake ni wa Bagalu. Mume wangu aliyeshuku dunia nzima sasa dunia ilimshuku yeye, na ninavyomjua mimi ilimpendeza.

Athene ikapanda. Visiwa vingi vikaungana nao kujilinda na Waajemi, kila kisiwa kitoe merikebu. Waliochoka kutoa merikebu wakaambiwa basi toeni fedha, merikebu tutaendesha sisi. Sanduku la fedha likakaa kwenye kisiwa kitakatifu, mali ya wote. Kisha Athene wakalihamishia kwao, kwa usalama wake.

"Hapo wameshaliwa," akasema mvuvi mmoja, Josephat, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa mwanaushirika.

Na kweli. Kisiwa kilichotaka kujitoa kikabomolewa kuta zake. Kwa fedha za wenzao Athene wakajenga mahekalu yale ambayo mzee alikuwa amesimama kwenye mawe yake, na kuta mbili ndefu kutoka mjini hadi bandarini. Kisha vita na Sparta. Watu wote wa mashamba wakajazana ndani ya kuta, tauni ikaingia, ikaua mpaka kiongozi wao. Wakatuma merikebu mbali sana kuteka kisiwa kikubwa, na nahodha wao mkali kuliko wote wakamwita arudi katikati ya safari, kwa kumshuku kwamba alikuwa amevunja sanamu za miungu. Akakimbilia kwa adui. Merikebu zile hazikurudi. Maige aliyatamka hayo kwa utamu kama anayeeleza jambo alilolisema zamani na watu wakampuuza.

Na siku zote hizo Yeremia alikuwamo. Alikuja kila mchana, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, hatua chache kutoka kwenye beseni langu. Hakununua andazi hata moja. Alikuwa upande wa Athene lakini hakupiga kelele. Alimtazama tu yule mzee wa mawe bila kupepesa. Mimi nilimshuku. Nilisema anakuja kuangalia nani yuko upande wake kabla ya Jumamosi. Nikamwambia Maige amzuie mlangoni. Akakataa.

"Mwache," akasema. "Nataka nimwone usoni."

Ijumaa mchana, kesho yake ndiyo mkutano, kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama. Hata mzee Ndalahwa alikuja, akapewa kiti cha mbele. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi na fimbo yake kati ya magoti. Yule mzee wa Kizungu siku hiyo alikuwa amesimama ufukweni, na nyuma yake bahari ilikuwa mbaya.

Maige akaanza vizuri. Athene wameishiwa. Wameyeyusha hata sanamu zao za dhahabu kuwa fedha, wamewapa watumwa uhuru ili wapige makasia. Merikebu zao za mwisho zinakutana na za Sparta, na wanashinda, ushindi mkubwa. Bagika wakasimama wakaimba. Halafu yule mzee akageuka kuitazama bahari, akasema kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikishika chote, kwamba dhoruba ilizuka, kwamba kulikuwa na watu wengi majini wameshika mbao za merikebu zilizovunjika, na kwamba majemadari hawakuweza kuwafikia.

Maige hakutafsiri. Spika zikatoa pumzi yake tu. Nikageuka nikamwona anamtazama Yeremia.

"Anasema," akaanza polepole, "watu wao walikuwa majini. Walikuwa wanaita. Na majemadari walikuwa na nafasi ya kuwaokoa. Upepo haukuwa mkubwa. Waliwaacha kwa sababu walikuwa na kinyongo nao."

Alipolitamka neno hilo, vichwa viligeuka vyote kuelekea kiti cha mwisho. Kwenye runinga watu walikuwa wamekusanyika, ndugu wa waliozama wamevaa nguo nyeusi, wananyoosha mikono. Mzee akaeleza kwamba majemadari sita walihukumiwa wote kwa kura moja bila kusikilizwa mmoja mmoja, na kwamba mtu mmoja tu alikataa kuipitisha kura hiyo. Maige alieleza kura, huyo aliyekataa akamruka. Wakauawa wote sita. Kisha yule mzee akainama, akachukua jiwe dogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba haukupita muda watu wa Athene wakajuta, wakawatafuta wale waliowasukuma kufanya vile.

"Anasema walistahili," Maige akasema. "Anasema mji ukapata amani."

Sitadanganya: ilinipendeza. Nilijua ni uongo, neno kwa neno nilijua, na ilinipendeza kama maji baridi. Niliwaona watu wakitikisa vichwa kukubali, nikasema moyoni, kesho imekwisha leo.

Yeremia akasimama.

"Maige, simamisha."

Maige akasimamisha. Uso wa yule mzee ukabaki mkubwa pale mbele, mdomo wazi kidogo.

"Huyo mzee hakusema hivyo," Yeremia akasema.

"Kizungu umejifunza lini?"

"Sijui Kizungu. Lakini huyu tumekaa naye mbalamwezi nzima. Akifurahi namjua, akikasirika namjua. Hapo ameumia. Mtu haumii kwa kusema watu walistahili."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka jana kumsikia Yeremia akisema maneno mengi kiasi hicho. Mzee Ndalahwa akagonga fimbo yake chini.

"Rudisha nyuma."

Maige akarudisha. Mzee akainama tena, akachukua jiwe tena, akaongea, na safari hii hapakuwa na sauti ya Maige juu yake. Watu walimtazama midomo kana kwamba wangeweza kuelewa kwa kutumia nguvu. Ilipokwisha, mzee Ndalahwa akageuka kwenye kiti, na mstari wote ukalia mnyororo.

"Teodora, mwanangu, wewe umesoma. Anasema nini?"

Nilimtazama Maige. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama fundi mikono. Ndipo alipoelewa kwamba siku zote nilikuwa nasikia, na mimi nikaelewa kwamba ameelewa. Nilitaka kusema walistahili. Nilitaka sana. Mwaka mzima nilikuwa na mtu wa kumchukia, na kumchukia kwangu ndiko kulikoniamsha asubuhi na kunisaidia kukanda unga. Nikimwachia Yeremia, nani amemuua Mihayo? Ziwa huwezi kulitenga. Utachota maji yake jioni hiyo hiyo upikie. Kama hakuna mwenye kosa, basi mdogo wangu alikuwa amekufa tu, kama wanavyokufa watu, na sikuwa tayari kwa hilo hata kidogo.

Lakini yule mzee wa mawe alikuwa bado pale, ameinama, na kumsingizia mtu aliyeumia namna ile nilishindwa.

"Anasema kulikuwa na dhoruba," nikasema. "Anasema hawakuweza kuwafikia. Na baada ya kuwaua, watu walijuta."

"Na kinyongo?"

"Kinyongo hakimo."

Mzee Ndalahwa akarudi kutazama mbele. "Endelea," akamwambia Maige.

Maige akaendelea. Nilidhani atazima mitambo na kuondoka, lakini alisogeza kipaza sauti na kutafsiri kilichosemwa, hicho tu, kwa sauti ndogo, na alipokwama alisema, "Hapa sikuelewa." Akaeleza jinsi merikebu za mwisho za Athene zilivyovutwa ufukweni mahali pasipo na soko, na mabaharia wakatawanyika kutafuta chakula.

"Nani anaacha vyombo ufukweni bila mlinzi?" Josephat akauliza. "Hapakuwa na nahodha wa kuwakataza? Si waliwaua?"

"Mzee hajasema," Maige akamjibu.

Sparta wakazichukua zikiwa tupu. Mji ukafa njaa, ukasalimu amri. Zile kuta ndefu za kwenda bandarini zikabomolewa huku wanawake wakipiga filimbi, na watu wakashangilia wakidhani siku hiyo ndiyo mwanzo wa uhuru wa wote. Nilitazama upande wa kulia. Bagalu walikuwa wameshinda na hakuna hata mmoja aliyeimba. Walitoka polepole, wakipishana mlangoni, na maandazi yangu yalibaki karibu yote.

Maige alikuwa anakunja waya bila kunitazama.

"Kumbe ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Miaka yote."

"Miaka yote. Kwa nini umesema vile leo?"

Akaendelea kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. "Nilidhani ndicho unachotaka," akasema.

Ndicho nilichokuwa nataka. Huyu mtu hajawahi kunipa zawadi ya sikukuu kwa kuogopa kwamba duka limemwongezea bei, lakini kwa ajili yangu alikuwa tayari kudanganya mwalo mzima mbele ya mwenyekiti. Nilimpa andazi. Alilila bila kulikagua.

Nje, Yeremia alikuwa amesimama karibu na mtumbwi wake uliovutwa mchangani. Nilijua ananisubiri. Nilikwenda nikiwa bado simpendi, na nilipofika nikagundua kwamba kwa mwaka mzima wote tulimuuliza swali moja tu, kwa nini hakugeuza. Nikamuuliza lingine.

"Ulimwona?"

Akaligeukia ziwa.

"Nilimwona, shemeji. Radi ilimulika. Alikuwa amekaa juu ya tumbo la mtumbwi." Akaweka mkono kwenye ubao wa chombo chake. "Niligeuza. Tulikuwa tumefika nusu ya kugeuka. Maji yakaingia mpaka magotini, injini ikakohoa, vijana wangu wakaanza kuita mama zao. Nikarudisha."

Kwa hiyo alimwacha. Tulikuwa tumeshuku sawasawa kabisa. Alimwona, akageuka, akamwacha. Nikashika ukingo wa mtumbwi.

"Yeye alikuona unarudisha?"

"Aliniona."

"Akafanya nini?"

"Alinipungia mkono." Yeremia akainua wake, juu ya kichwa, akaupeleka upande mmoja na kuurudisha. "Hivi. Mpaka leo sijui. Sijui alikuwa ananiita au alikuwa ananiambia niende. Ningewaambia niligeuza, mngeniuliza ya mkono. Nimeuona huo mkono kila siku, shemeji. Sijui ulikuwa unasema nini."

Mihayo nilimlea mgongoni. Nilimwona akipunga mkono akiwa juu ya ng'ombe, akiwa kwenye kivuko, akiwa amelewa. Alipunga hivyo hivyo akikuita na hivyo hivyo akikuaga. Alikuwa mvivu wa ishara kama alivyokuwa mvivu wa kila kitu. Hakuna mtu duniani atakayejua.

"Alikuwa anakuambia uende," nikasema.

"Unajua?"

"Mkono wake naujua. Akikuita anatumia yote miwili."

Yeremia akakaa chini mchangani, mtu mzima yule, akalia akiwa amejishika kichwa. Nilisimama karibu naye. Maige alikuwa mlangoni mwa kibanda, na kwa umbali ule nadhani alisikia. Baadaye hakuniuliza.

Nilikwenda kwa mzee Ndalahwa nikamwambia familia haina dai. Kisha nikampigia baba Sengerema. Aliuliza kabla hata ya salamu kama Yeremia amekiri.

"Amekiri, baba."

"Amesema nini?"

"Amesema Mihayo aliaga. Alimpungia mkono, akaaga."

Nilisikia ng'ombe upande wa pili wa simu, na mtu akiwaswaga. 

"Basi njoo," baba akasema. "Njoo tumlilie."